Mbuzi wa marehemu baba: tuanze na wangapi, na beberu wake tumfanyeje?

"Daktari, salaam. Mimi ni binti wa pili kati ya watoto watano. Baba yetu alifariki miezi mitatu iliyopita, arobaini yake tumeshaisoma. Maisha yake yote alikuwa na mbuzi nyuma ya nyumba, hapa karibu na Bombo. Ada zetu za shule zilitoka kwa mbuzi hao. Ameacha majike matatu na beberu mzee aliyekuwa akimwita Bwana Mkubwa. Wanne kati yetu tunaishi Kampala, mmoja yuko Arua. Nyumbani yupo mama na mjukuu wa miaka 16. Tumekubaliana tuanzishe shamba dogo la mbuzi kwa jina la baba, liwe sadaka yake. Rambirambi zilizobaki ni shilingi milioni 6, ardhi ni ekari mbili. Kuna dalali anatuuzia majike 20 kwa mpigo, baadhi chotara wa Boer, kwa milioni 5. Anasema wakizaa mapacha mara mbili kwa mwaka, mwakani tutakuwa na mbuzi 100. Wadogo zangu wanasema mbuzi wa baba wasiuzwe kamwe, na Bwana Mkubwa ndiye awe beberu wa shamba. Mama ananyamaza tu. Tuanzie wapi? Tununue kabla ya mvua au baada?"

Poleni sana, dada yangu, wewe na ndugu zako, na zaidi mama. Mungu amrehemu mzee wenu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza habari ya mvua, lakini nadhani kinachokunyima usingizi ni kwamba mtakiita kitu kwa jina la baba mbele ya majirani wote, kisha kife mikononi mwenu. Hofu hiyo ina msingi. Katika miaka yangu ya kutibu mifugo nimeitwa kwenye mazizi mengi yaliyoanzishwa baada ya msiba, na mengi yalianza hivi hivi: fedha ziko mkononi, majonzi bado mabichi, dalali yuko mlangoni. Kwa hiyo nitangulize jibu, sababu zifuate. Msinunue hao 20. Mnao watatu, ongezeni watano tu kwa mwaka wa kwanza, watoke kwa mfugaji mmoja mnayemfahamu, na waje baada ya majani kuota na banda kusimama. Bwana Mkubwa asiwapande binti zake. Na hilo la mbuzi wa baba kutouzwa kamwe, naomba mlitafakari upya kabla hamjaliapia.

Hesabu ya dalali ndiyo iliyowavuta, basi tuipitie. Mbuzi hubeba mimba siku 150, yaani miezi mitano. Akishazaa ananyonyesha karibu miezi mitatu, mwili unarudi, ndipo anapandwa tena. Hiyo ni miezi minane, kwa hiyo jike anayetunzwa vizuri huzaa mara tatu katika miaka miwili. Kumzalisha mara mbili kila mwaka ni kumchakaza, na watoto wake huzaliwa wanyonge, maziwa hayawatoshi. Mapacha wapo, hasa kwa mbuzi wetu wa kienyeji wa Mubende, lakini anayezaa mara ya kwanza mara nyingi huleta mmoja. Chukueni mfano wa majike sita, wazae mara tatu katika miaka miwili, kwa wastani wa mtoto mmoja na nusu kila mara: ni watoto 27. Mimi kwa watu wanaoanza huwa natoa robo nzima kwa ajili ya kuhara, baridi, minyoo na mbwa wa jirani. Wanabaki 20, nusu yao madume ya kuuza. Kwa familia ya kawaida hilo ni pato la heshima. Hao 100 wa mwakani hawapo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye neno "kwa mpigo". Mbuzi 20 wa dalali hawajatoka zizi moja. Wameokotwa mmoja hapa, wawili kule, wakalala pamoja mnadani, wakapakiwa lorini, wakashinda na kiu. Kati yao akiwepo mmoja mwenye sotoka ya mbuzi na kondoo, hamtamtambua siku hiyo. Ugonjwa huo, uliothibitishwa nchini kwetu Uganda mara ya kwanza mwaka 2007 huko Karamoja, hukaa mwilini siku nne, tano, sita kabla mnyama hajaanza kutoka makamasi, kupata vidonda mdomoni na kuharisha. Mnyama aliyechoka kwa safari kinga yake imeshuka, kwa hiyo ugonjwa ukianza huwapitia kama moto wa nyasi kavu. Nao hautaishia kwa wageni. Majike matatu ya baba, ambayo hayajawahi kukutana na kirusi hicho, ndiyo yatakayotangulia.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Alipofariki mjomba wangu, nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huo huo, familia ilitaka mbuzi 15 kwa haraka ili wawepo siku ya kumbukumbu yake. Niliona haraka hiyo na nikanyamaza, kwa sababu wakubwa walikuwa wakilia na sikutaka kuwabishia. Wiki ya tatu tulikuwa tumefukia tisa. Shangazi yangu hakufuga tena mpaka leo. Ndiyo maana kwako sinyamazi.

Kwa hiyo nunueni wachache, kwa mfugaji ambaye zizi lake mmelitembelea na kulitazama. Nendeni asubuhi, muwaone wakitoka. Chagueni majike ambao wameshazaa mara moja au ndio wanakaribia, wenye chuchu mbili safi, kiwele laini kisicho na vinundu, na kwato zilizonyooka. Fungua kinywa: mbuzi ana meno manane ya mbele kwenye taya la chini, na juu hana. Mawili ya katikati yakiwa makubwa, ya utu uzima, ana mwaka mmoja na kitu. Manne, yuko kwenye mwaka wa pili. Manane yote, ametimiza karibu miaka minne. Yaliyolegea au kung'oka ni ya bibi kizee, mwacheni kwa mwenyewe. Kisha ombeni kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya wanakotoka. Watu wengi hukiona kibali kama usumbufu, lakini huko Luweero na wilaya za jirani karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo imewekwa mara nyingi, na mbuzi nao huguswa na amri hiyo. Wakifika, wakae peke yao siku 21 hadi 30, mbali na wale watatu, wapimwe, wapewe dawa ya minyoo na chanjo ya sotoka. Chanjo hiyo ikihifadhiwa kwenye baridi inavyotakiwa, sindano moja hukinga miaka mitatu au zaidi.

Mtaniuliza: baba alifuga miaka yote hiyo bila chanjo wala karantini, mbona hakupata shida? Swali hili nalipata karibu kila wiki, na jibu lake liko kwenye kamba.

Baba yenu, kama wafugaji wengi wa Uganda, bila shaka alikuwa akiwafunga mbuzi wake kamba, leo chini ya mwembe, kesho pembeni ya barabara, keshokutwa kwenye shamba la mihogo lililokwisha kuvunwa. Mbuzi watatu au wanne kwenye eneo kubwa, wakihamishwa kila siku. Pengine hakuwahi kulieleza kwa maneno, lakini alikuwa akiwakimbiza mbuzi wake mbele ya minyoo. Mnyoo mbaya kuliko wote kwa mbuzi wetu huishi tumboni, kwenye chumba cha nne, akinyonya damu. Jike lake moja hutaga mayai elfu 5 hadi elfu 10 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi huwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani mafupi na umande wa asubuhi. Mbuzi akila hapo, amevimeza, na baada ya wiki tatu ni minyoo mikubwa inayotaga tena. Viluwiluwi hivi hukaa chini, kwenye majani ya urefu wa kiganja. Mbuzi kwa asili ni mnyama wa kula juu: anasimama kwa miguu miwili, anavuta matawi. Akiachwa afuate asili yake, minyoo mingi inampita chini ya kidevu.

Sasa wafungeni mbuzi 20 kwa kamba kwenye ekari mbili zilezile, zenye nyumba, migomba na mihogo ndani yake. Kila mmoja anazungushwa kwenye duara dogo, majani yanaisha mpaka kwenye udongo, anakula juu ya mavi yake mwenyewe na ya mwenzake wa jana. Miezi minne baadaye macho yameparara, shingoni chini ya taya kumevimba kama mfuko wa maji, na mnasema mmerogwa. Hakuna aliyewaroga. Ni idadi kwenye eneo, basi. Kilichofanya kazi kwa mbuzi wanne wa baba kinaua kikifanywa kwa 20.

Dawa ya minyoo peke yake haiokoi hali hiyo. Ninaona watu wakiwanywesha mbuzi wote kila mwezi, kwa kipimo cha kukisia, kwa dawa ileile ya dukani. Minyoo dhaifu inakufa, sugu inabaki na kuzaliana, na baada ya muda dawa inakuwa kama maji. Bora mjukuu ajifunze jambo moja: kila baada ya wiki mbili, na kila wiki wakati wa mvua, afunue kope la chini la kila mbuzi. Likiwa jekundu, mwacheni. Likififia kuelekea pinki iliyopauka au nyeupe, huyo ndiye anywe, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kipimo mpangiwe na daktari wa mifugo, kwa kuwa mwili wa mbuzi hutumia baadhi ya dawa haraka kuliko wa kondoo, na maandishi ya chupani mara nyingi yamewalenga kondoo. Na kijana huyo akishaweza kazi hii, atakuwa anajua jambo ambalo wafugaji wengi wenye mbuzi 50 hawalijui.

Kinga yenyewe ni banda lililoinuliwa na majani yanayoletwa. Inueni sakafu mita moja au zaidi kutoka chini, kwa mabanzi au mbao, mkiacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi kati ya ubao na ubao, mavi yaanguke na kwato isinase. Kila mbuzi mzima apate mita moja na nusu ya mraba. Upande unaotoka mvua na upepo uzibwe, pande nyingine zipitishe hewa, kwa sababu mbuzi anayelala kwenye harufu kali ya mkojo hupata kikohozi. Majani yaning'inizwe au yawekwe kwenye hori la juu, yakianguka chini yasirudishwe. Liwe karibu na chumba cha mama, liwe na kufuli. Wezi wa mbuzi mnawajua. Mavi ya chini ya banda pelekeni kwenye migomba, mtaona tofauti.

Majani ndiyo swali lako la mvua. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji chakula kikavu karibu kilo moja kwa siku, ambacho kikiwa kibichi ni kilo nne au tano. Wanane ni kama kilo 40. Ishirini ni kilo 100 za majani, kila siku, Idd na msiba, jua na mvua. Nani atakata? Mama yenu? Kijana wa miaka 16 anayekwenda shule? Naomba ninyi wanne wa Kampala mlijibu hili kwa uaminifu kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu nimeona mashamba ya kumbukumbu ambayo watoto waliyaanzisha kwa mapenzi, mama akawa kijakazi wake. Kama mmeamua wawe wanane, mlipeni mtu wa kukata majani siku ambazo kijana yuko shule, au mkubaliane kila mwisho wa wiki mmoja wenu anapanda teksi kwenda Bombo kufanya kazi, si kusalimia tu.

Hapo Bombo mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Mvua zikianza, pandeni, msinunue. Panda miti ya malisho, kaliandra na gliricidia, kuzunguka mpaka wote, matete kwenye ukanda mmoja, viazi vitamu kwa ajili ya chakula chenu na marando yake kwa mbuzi. Matete na marando vitakatika baada ya miezi mitatu minne, kaliandra inataka karibu mwaka mmoja ndipo ivumilie kukatwa mara kwa mara. Wakati huohuo banda linajengwa. Mvua zikikaribia kukatika, majani yapo na umande unapungua, ndipo mbuzi waje. Maganda ya matoke ni chakula kizuri. Majani na maganda ya mihogo yasiliwe mabichi. Yaanikwe kwanza, yana sumu ambayo hupungua yakikauka. Na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zote uani ziokotwe kabla mbuzi hawajafika. Nimefungua tumbo la jike mzuri mwenye mimba nikakuta mpira wa kaveera mkubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Kuhusu hao chotara: Boer ni mbuzi wa nyama kutoka Afrika Kusini, ana mwili mkubwa na hukua haraka, na sina neno baya juu yake akiwa kwa mtu mwenye chakula cha kumtosha. Mwili ule unadai. Pia wageni huugua zaidi kwa magonjwa ya kupe kama maji-moyo, ambayo mbuzi wetu wa kienyeji wameyazoea vizazi na vizazi. Kwa mwanzo, na kwa jinsi nyumbani kwenu kulivyo, mbuzi wa Mubende anawatosha: anavumilia, anazaa vizuri, na ngozi yake inasifika. Mkishaweza kulisha wanane mwaka mzima bila mmoja kukonda wakati wa kiangazi cha Januari, mnaweza kuzungumzia beberu chotara. Jike chotara, bado.

Nije kwa Bwana Mkubwa, maana nahisi hapa ndipo penye moyo wenu.

Kila mnyama hubeba kasoro chache za kurithi ambazo hazionekani, kwa sababu nakala nzuri kutoka kwa mzazi mmoja inaifunika nakala mbovu ya mwingine. Beberu akimpanda binti yake, nakala mbovu ileile inaweza kufika kwa mtoto kutoka pande zote mbili, na sasa hakuna cha kuifunika. Kwa hesabu za urithi, mtoto wa baba na binti ana robo ya urithi wake ukiwa nakala mbili za chanzo kimoja. Si lazima azaliwe na miguu iliyopinda. Mara nyingi mtaona tu watoto wanaozaliwa wadogo, wanaokua polepole, wanaokufa kwa homa ambayo wengine wanaipita, na majike yanayochelewa kushika mimba. Zizi linanyauka taratibu na hakuna anayejua kwa nini. Ndiyo maana mfugaji hubadilisha beberu kila miaka miwili hivi, asije akawapanda binti zake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kama hao majike matatu ni binti zake. Kama ni binti zake, asiwaguse tena. Ila wale watano watakaokuja si ndugu zake, na akiwa bado ana nguvu na daktari akimpima akamkuta hana ugonjwa wa kutupa mimba, anaweza kuwapanda msimu mmoja. Hivyo damu yake inabaki kwenye zizi kupitia binti hao wapya, na ninyi mnabaki na mbuzi wa baba kwa maana ya kweli. Ubaya wa njia hii ni kazi ya kumtenganisha: beberu hapumziki, na usiku mmoja wa mlango kusahauliwa unatosha. Baada ya msimu huo mna njia mbili. Mnaweza kubadilishana na mfugaji wa mbali kidogo, achukue yeye na awape beberu kijana wa damu nyingine. Au mumhasi, abaki uani kama mzee wa nyumba mpaka siku zake ziishe. Kumhasi beberu mzee si kazi ya jirani mwenye kisu. Ni ya daktari, kwa dawa ya ganzi. Ningekuwa mimi, ningemhasi. Najua atakula bila kuzaa, lakini familia iliyofiwa ina haki ya mbuzi mmoja asiye na faida. Mmoja.

Mmoja, kwa sababu wadogo zako wanataka wote wawe hivyo. Waambie, kwa upole, kwamba baba yao aliuza. Ada zenu zilitoka wapi? Alichagua dume lililonenepa, akaliuza, mkavaa sare, jike likabaki. Zizi lisilouza hujaa madume yanayopigana na kuwapanda dada zao wakiwa na miezi mitano tu, kabla miili yao haijaweza mimba, majani yanaisha, na mwishowe wote wanakonda pamoja. Wekeni kikomo, kwa ekari mbili zenu mimi ningesema wakubwa kumi, na kila anayezidi anatoka. Kama mnataka liwe sadaka ya baba, kaeni na imamu wenu mpange manufaa yatoke vipi mwaka hadi mwaka: dume mmoja kwa ada ya yatima wa mtaa, mmoja achinjwe majirani wale, au jike akabidhiwe mjane naye arudishe mtoto jike wa kwanza, abaki na mama yake.

Na soko mnalo. Idd al-Adha ndiyo siku ambayo beberu mzuri hupata bei yake. Mnyama wa udhia asiwe chongo, asichechemee, asiwe mgonjwa wala mkondefu sana, na awe ametimiza umri. Wapo wanaoshikilia mwaka mmoja, wapo wanaotaka miwili kwa madhehebu yao, muulizeni imamu mapema. Kwa wa mwaka mmoja, ongezeni miezi mitano ya mimba: majike yapandwe miezi 17 kabla ya Idd mnayoilenga. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kalenda ya kupandisha nayo isogee kila mwaka.

Fedha zisiishie kwenye wanyama. Katika milioni 6, theluthi moja iende kwa mbuzi, nyingine kwa banda na mbegu za majani, na ya mwisho msiiguse. Ni ya dawa, ya mkataji majani, na ya mwezi mbaya. Msikope mwaka huu, hata ile milioni moja ya PDM, mkopo wa serikali unaopitia parokia, kama jina lenu litafika. Deni lina tarehe, na mimba ya mbuzi nayo ina tarehe yake, mwaka wa kwanza hazikutani.

Jambo la ardhi si fani yangu, ila nimeona banda likibomolewa na baba mdogo kwa sababu hili lilipuuzwa. Kama baba hakuacha wasia, sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane fungu lake na watoto lao, na kabla ya mtu yeyote kusimamia mali ya marehemu zinahitajika barua za usimamizi wa mirathi. Nendeni ofisi ya Administrator General, ofisi ya serikali inayoshughulikia mirathi, mkiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), na kama mnagawana kwa sharia, sheikh awe nanyi. Fanyeni hivyo kabla ya kuchimba nguzo ya kwanza. Na muandike mbuzi ni wa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna siku ambazo maneno yangu hayatoshi, siku hizo mwiteni daktari au ofisa mifugo wa gombolola aje mwenyewe: mbuzi wawili au zaidi wakianza makamasi na kuhara pamoja, kope likiwa jeupe na uvimbe chini ya taya, jike akisukuma kwa nusu saa hadi saa nzima bila mtoto kuonekana, mbuzi akizunguka, akitetemeka au akipiga miguu hewani. Jike akitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu, na mwanamke mwenye mimba asisogee, kwa sababu baadhi ya magonjwa hayo huwapata watu. Mbuzi akifa ghafla na damu ikatoka puani au nyuma bila kuganda, msimchune, msimle, msimfungue. Inaweza kuwa kimeta, nacho huua watu. Mpigieni simu ofisa kwanza, mzoga usubiri.

Umesema mama ananyamaza. Sijui kwa nini, lakini nimekaa na wajane wengi kwenye mabanda, na mara nyingi hakuna aliyewauliza kama wanataka mbuzi zaidi. Kama halali, hali vizuri au amejitenga, mpelekeni kwa mhudumu wa afya azungumze naye, msisubiri mbuzi wamchangamshe. Kama yuko sawa ila amechoka, basi mpango huu ukatwe nusu.

Pia yeye ndiye anayejua lile tulilokwama nalo. Aliwaona wale watatu wakizaliwa, anajua Bwana Mkubwa alikuja lini na kutoka wapi. Jumamosi hii nendeni wote, mkae naye uani jioni, mjukuu ashike daftari. Mwulizeni kila jike jina lake, mama yake ni nani, nani alimpanda, amezaa mara ngapi na wangapi walikua. Akisema hataki, funga daftari, mchemshe chai. Akianza kueleza, andikeni kila kitu, kisha mnitumie picha ya ukurasa huo, nami nitawaambia ni yupi kati ya hao watatu Bwana Mkubwa anaweza kubaki naye zizi moja.